Dakika Nne za Shangazi

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na kabla ya yote nakuomba ukae chini. Barua hii ni ndefu, nami najua unavyosoma barua: umesimama mlangoni, viatu miguuni, bisibisi mkononi. Kaa, tafadhali. Mgongo unaendeleaje? Mara ya mwisho uliniandikia kwamba majokofu ya siku hizi ni mepesi kuharibika na mazito kubeba, na kwamba daktari amekukataza kuyainua peke yako. Natumaini unamsikiliza yeye kuliko ulivyokuwa ukitusikiliza sisi. Wifi yangu hajambo? Na watoto? Picha yao nimeiweka juu ya meza ya kazi, na wateja wakiuliza nawaambia hao wote wana akili za kwetu na miguu ya kwa mama yao.

Huku sote wazima. Magoti ndiyo yanayomsumbua Mama, mdomo haujambo kabisa. Anakusalimu, anakuombea, na amesisitiza nikuambie kwamba mwandiko wako umezidi kuwa mbaya. Mimi nami sijambo. Karakana ya Baba bado iko wazi. Redio zenyewe zimepungua, sasa naletewa zaidi spika na simu zilizotumbukia majini, lakini harufu ya lehemu ni ile ile, na kiti cha Baba kiko pale pale, bado kinachechemea.

Sasa habari. Hatimaye wamemjengea Shangazi kumbukumbu. Najua wewe huna haja ya kuelezwa Shangazi alikuwa nani, lakini niache nieleze, kwa sababu siku moja wanao wataisoma barua hii, na wao hawakuzaliwa wakati wa milango ya nyuma.

Waambie kwamba zamani hizo sisi watu weusi wa mji huu tuliingia kila mahali kwa mlango wa nyuma: dukani, posta, hata hospitali tukiwa tumebeba wagonjwa. Tulitembea na vibali mfukoni, na king'ora cha jioni kikilia aliyekutwa kwenye barabara kubwa alilala ndani. Waambie kwamba aliyeanza kusema hapana hakuwa wakili wala mchungaji. Alikuwa mfuaji wa mashuka katika jengo la kufulia la hospitali kubwa. Mwanamke mfupi, mwenye mikono iliyochubuka kwa sabuni ya magadi. Wazee wenye mvi walimwita Shangazi, na wao ndio waliomzidi umri. Alianza na wafuaji ishirini walioweka ndoo chini siku moja. Baada ya miaka mitatu mji mzima ulikuwa unaweka ndoo chini. Walimchukua Jumatano moja mchana, yuko kazini, na hakurudi. Hata mwili haukurudi. Jina lake likapigwa marufuku kuchapishwa, picha zake zikachomwa, na kwa miaka sita mtu aliyetaka kumtaja alisema tu "yule" na kutazama mikono yake.

Kamati ya kumbukumbu iliongozwa na muuguzi mstaafu ambaye mtaa mzima unamwita Sindano, kwa sababu mbili: nusu yetu alituchoma sindano tukiwa wachanga, na maneno yake nayo yanachoma. Asubuhi moja aliingia karakana, akakataa kiti, akaniambia amesikia kwamba marehemu Baba alikuwa na sauti ya Shangazi. Nikamjibu ndiyo, ipo. Akavuta kile kiti alichokikataa, akakaa. Kisha akaniuliza, taratibu kama mtu anayeulizia hali ya mgonjwa, kama sauti hiyo bado inazungumza.

Kaka, niliweka chini nilichokuwa nakitengeneza. Mkanda ule wewe unaujua, na unajua ulichokufanyia.

Niwaambie wanao na hilo pia. Baba aliurekodi katika mkutano wa mwisho wa Shangazi, katika ukumbi wa wafuaji, majuma kumi na moja kabla hajachukuliwa. Mimi nilikuwa na miaka mitano. Kinasa sauti kilifichwa ndani ya kapu la mashuka machafu, kwa sababu askari walipekua kila kitu mlangoni isipokuwa mashuka ya hospitali yenye damu. Baba alituambia kwamba kapu lilisukumwa na mfuaji mmoja ambaye hakumtaja jina. Mama mwenyewe alikuwa mfuaji wa pale pale, lakini kila tulipomuuliza kuhusu siku hiyo alisema alikuwa na homa, na akabadilisha mazungumzo.

Baba aliuficha mkanda miaka sita ndani ya sanduku la valvu za redio zilizokufa. Utawala ule ulipoanguka, akautoa. Unaikumbuka Jumapili ile? Watu walijaa sebuleni mpaka wengine wakaingiza vichwa dirishani. Sauti ya Shangazi ikatoka kwenye spika, na mwanamume mzima, yule muuza mkaa, akavua kofia na kuanza kulia kama mtoto. Tulisikiliza dakika kumi na saba. Kisha Shangazi akasema, "Sasa nataka kuwauliza jambo moja tu," mkanda ukakwaruza, na sebule nzima ikapigwa na muziki wa dansi ulionaswa redioni. Magitaa na tarumbeta. Dakika nne nzima. Muziki ulipokatika, Shangazi alikuwa amefika mwisho: "Basi tumeelewana. Twendeni."

Baba hakuchunguza wala hakuuliza mara mbili. Ni wewe uliyekuwa na wazimu wa dansi, ni wewe uliyerekodi nyimbo redioni kutwa kucha. Alikuambia mbele ya watu wote kwamba umemuua Shangazi mara ya pili. Ulisema maneno mawili tu, "Si mimi." Baba akauliza kama si wewe ni nani, ukanyamaza. Wiki haikuisha, ukaondoka na mkoba mmoja, una miaka kumi na tisa. Na Baba alipofariki, ulikuja mazishini ukasimama nyuma kabisa, karibu na geti, kama mpita njia.

Sikukumbushi haya ili kukuumiza. Nivumilie, kuna mahali naelekea.

Nilifanya kazi juu ya mkanda ule siku tisa. Ulikuwa umeanza kunata, kwa hiyo niliukausha kwanza kwa joto dogo, nikausafisha kwa pamba na spiriti, pamba ikitoka na rangi ya kutu. Nilikuwa nikiuzungusha kwa mkono, robo mzunguko kwa robo mzunguko, huku nimebana pumzi. Ulipoanza kusema, niliona aibu kuwa nimeketi. Kaka, nilikuwa nimesahau sauti ile. Haikuwa kubwa. Ilikuwa sauti ya mtu anayezungumza na mwenzake kwenye beseni la pili, mvuke ukiwa katikati. Alisema, "Miaka kumi na minne nafua mashuka ya hospitali. Nimefua damu ya wakubwa na damu ya wadogo, ya weupe na ya weusi, na sabuni haijawahi hata siku moja kuniuliza hii ni ya nani." Unasikia watu wakicheka, halafu unasikia kicheko kikigeuka kuwa kitu kingine, na viti vikisogezwa, kama watu wote wamekaa wima kwa pamoja.

Nilipofika kwenye dansi nilizima mashine, nikatoka nje kuvuta hewa. Sindano alipokuja kuulizia, nilimwambia kuna dakika nne zilizooza kwa unyevu. Alitikisa kichwa, akasema watu wenyewe wanaoza, sembuse mkanda. Akaondoka ameridhika. Nami nikaziondoa zile dakika nne za dansi katika nakala ya kusikilizwa siku ya sherehe ya kuzindua kumbukumbu, nikaweka mahali pake sekunde kumi na mbili za ukimya, nikaunganisha na "Basi tumeelewana. Twendeni." Kazi safi. Baba mwenyewe asingeona mshono.

Siku moja kabla ya sherehe alikuja binti yake Shangazi. Huyu ni dereva wa basi la mjini, mwanamke wa mabega mapana, umri wake na wangu umepishana mwaka mmoja. Alikuwa na miaka sita mama yake alipochukuliwa, na alilelewa na wafuaji, nyumba hii miezi mitatu, nyumba ile miezi minne. Nilidhani amekuja kusikiliza peke yake, nikamvutia kiti. Aliweka kiganja juu ya mashine, akakiacha pale muda mrefu, kama mtu anayepima homa. Kisha akaniambia hapana, atasikia kesho pamoja na watu wengine. Alisema hakumbuki kama aliwahi kuwa na mama yake wawili tu, hatajua afanye nini.

Sasa nikueleze kumbukumbu yenyewe, maana laiti ungeiona. Kamati ilikataa sanamu. Walibishana miezi, kwa sababu picha iliyobaki ni moja tu, ile ya kibali chake cha kutembea, na uso umefifia hata wazee hawakuafikiana pua ilikuwaje. Mmoja akasema ndefu, mwingine akasema umesahau, ile ilikuwa pua ya dada yake. Basi Sindano akasema kama hatuijui sura yake, tunalijua beseni lake. Wakaenda kwenye lile jengo la zamani la kufulia, lililokuwa limegeuzwa ghala la matairi, wakaondoa matairi, na beseni namba tisa lilikuwa bado liko pale, la saruji, limeungana na ukuta. Fundi mwashi tunayemwita Polepole alilikata ukutani kwa majuma matatu bila kulipasua. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba jina lile halikuwa tusi.

Wameliweka katikati ya uwanja wa zamani wa kuanikia mashuka, juu ya jukwaa la mawe lisilozidi kimo cha goti, ili mtoto naye alifikie. Maji yanaingia upande mmoja na kutoka upande wa pili. Hakuna maneno mengi: jina lake kamili, lile lililopigwa marufuku, limechongwa mbele. Lakini Kaka, cha kutazama ni ukingo. Kwenye ukingo wa saruji kuna mabonde mawili, laini kama ndani ya kijiko, mahali alipoegemeza mikono yake miaka kumi na minne. Nilitia mikono yangu humo. Ilikaa. Nyuma yangu kulikuwa na foleni, na kila mtu aliyefika pale aliinama akatia mikono, mwanafunzi, polisi, mama mjamzito, na kila mmoja alipoondoka alikuwa anatembea taratibu kuliko alivyokuja.

Siku ya sherehe kulikuwa na jua na upepo mwingi. Wafuaji wazee waliobaki walikuwa wamefua mashuka meupe kwa mikono yao wenyewe, wakayaanika kwenye nyaya zile zile za zamani kuzunguka uwanja, hivi kwamba ulipoingia ulipita katikati ya mashuka yanayopepea, na ukatokea kwenye beseni. Waliokuja walijaza uwanja na mtaa wa nyuma. Mbele walikalishwa wazee waliokuwapo ukumbini siku ile ya mkutano. Sindano aliwahesabu, walikuwa sitini na wawili. Na nani nilimwona akielekea viti vile kwa fimbo yake, bila kuniambia neno? Mama. Nilimkimbilia nikamnong'oneza kwamba viti vile ni vya waliokuwapo. Aliniangalia kama anaangalia soksi isiyo na mwenzake, akasema, "Mwanangu, lile kapu unadhani lilijisukuma lenyewe?" Akakaa.

Miaka arobaini na minne, Kaka! Sisi tumekula meza moja na mwanamke huyu tukidhani siku ile alikuwa na homa.

Nilirudi kwenye mashine zangu. Hotuba za wakubwa zikapita, nyingine ndefu. Kisha Sindano akanipa ishara, nikabonyeza.

Sijui nikuelezeje. Sauti ilipotoka, upepo ulikuwa unavuma, na mashuka yakawa yanasogea kama kuna mtu anapita nyuma yake. Nilimtazama binti yake Shangazi. Alikuja na sare ya kazi, kwa sababu zamu yake ilikuwa inaanza saa tisa, na aliketi na kofia ya udereva magotini, ameishika kwa mikono yote miwili kama usukani. Sabuni isiyouliza ilipita, watu wakacheka, miaka arobaini na minne baadaye wakacheka pale pale walipocheka wale wa ukumbini, na vicheko vyote viwili vikachanganyika usijue kipi cha waliokufa na kipi cha walio hai. Dakika kumi na saba. Shangazi akasema, "Sasa nataka kuwauliza jambo moja tu."

Ukaingia ukimya wangu. Nikaanza kuhesabu kimoyomoyo, sekunde kumi na mbili. Nilipofika tano, mtu mmoja mbele akasimama. Fimbo ilianza, kisha magoti, kisha mwenyewe.

Mama akasema, kwa sauti ambayo sikujua anayo, "Alisema: nina mtoto mmoja."

Mkono wangu ulizima mashine wenyewe. Uwanja mzima ukamgeukia. Mama hakumtazama mtu, alilitazama beseni. Akasema, "Alisema: ana miaka sita, anaogopa ngurumo, na hapendi kuchanwa nywele upande wa kushoto. Wakinichukua, nani atamsuka?"

Mzee mmoja wa safu ya pili, fundi viatu aliyekuwa kijana siku hizo, akainuka akasema ni kweli, na aliuliza hivyo mara mbili. Mwanamke mwingine akamkatiza palepale, akasema mara tatu, na mara ya tatu alipiga meza. Fundi viatu akasema hakukuwa na meza. Mwanamke akamwambia wewe ulikuwa nyuma unamwangalia nani sijui, meza ilikuwapo. Watu wakacheka huku wanafuta macho. Kisha Mama akainua fimbo yake kidogo, wakanyamaza, naye akauliza, "Na sisi tulijibu nini?"

Wazee sitini na wawili wakasema, "Sisi."

Hawakupaza sauti. Walisema kama mtu anayeitika akiitwa nyumbani kwake. Wengine walikuwa wamesimama, wengine hawawezi kusimama. Na ikawa kama mlango umefunguliwa, kila mmoja akawa na kipande chake. Mmoja akasema Shangazi aliuliza na mtoto wa jirani je, wakasema sisi. Mwingine akasema aliuliza na yule ambaye mama yake hayumo humu ukumbini, yule ambaye mama yake anatuogopa, wakasema sisi. Na la mwisho alilitoa tena Mama, akilitafuta neno kwa neno kama mtu anayevuka maji juu ya mawe: "Akasema: basi wanaweza kunichukua mimi. Hakuna kingine watakachokipata."

Nikabonyeza kitufe, sekunde saba zilizobaki zikapita. Na Shangazi mwenyewe akamalizia, "Basi tumeelewana. Twendeni."

Nimefanya kazi ya sauti maisha yangu yote na sijawahi kusikia kitu kama kile. Hapakuwa na mshono.

Binti yake Shangazi aliinuka. Alikuwa ameweka kiganja upande wa kushoto wa kichwa chake. Alisema, bila kipaza sauti, na bado kila mtu alimsikia, kwamba alisukwa katika nyumba tisa, na katika nyumba zote tisa walianza upande wa kulia, wakaacha wa kushoto mpaka asinzie. Alidhani kila mmoja aligundua mwenyewe kwamba yeye ni msumbufu. Waliwahi kumwambia kwamba mama yake aliwaagiza, lakini yeye alichukulia kuwa ni maneno ya kumbembeleza yatima. Miaka yote aliamini mama yake aliwakumbuka watu wote akamsahau yeye. Kisha akaketi, akafunika uso kwa ile kofia.

Kaka, hapa ndipo nilipokuwa naelekea.

Nilichukua kipaza sauti. Sindano alidhani nataka kutangaza chai. Nilisema mbele ya watu wote wale kwamba mkanda haukuoza. Nilisema dakika zile nne zilifutwa na mtu, na mtu huyo ni mimi.

Ni mimi, Kaka. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Wewe ulikuwa kazini, kwenye kiwanda cha mikate, na kwa majuma ulikuwa unausaka ule wimbo wenye tarumbeta mbili. Uliniambia nikiusikia redioni nikunasie. Nikausikia mchana mmoja, mikanda yako yote imejaa. Nikafungua sanduku la valvu, nikakuta mkanda usio na jina, umesimama katikati. Nikaupachika nikabonyeza. Nilitaka kukupa zawadi. Niliurudisha sandukuni kungoja siku nzuri, na kabla siku hiyo haijafika ikafika Jumapili ya Baba. Nilikuwa nyuma ya mlango. Niliusikia wimbo wangu ukitoka kwenye spika, na nilisikia alichokuambia, na sikusema. Leo nasema nilikuwa mtoto, niliogopa. Lakini nilipokuwa na miaka ishirini sikuwa mtoto. Baba alipolala kitandani wiki sita, anazungumza, ana akili zake, anauliza kama umeandika, sikuwa mtoto. Nilimlisha uji na nikanyamaza. Amekufa akiamini ni wewe. Hilo hakuna lehemu itakayoliunga.

Na kuna jingine, ambalo sikulisema uwanjani kwa sababu si la watu. Muziki ulipoanza kutoka Jumapili ile, wewe uligeuka. Ulitazama moja kwa moja kwenye ule mlango, ukaniona. Kisha ukatazama sakafu. Wewe ndiye uliyeniomba wimbo ule. Hakukuwa na mtu mwingine duniani aliyejua unautafuta. Baba alipouliza kama si wewe ni nani, ulikuwa na jibu mdomoni, na ukalimeza. Nimeishi miaka thelathini na minane nikijidanganya kwamba hukujua. Nimetia mikono yangu kwenye beseni la Shangazi nikashangaa mtu anawezaje kubeba wengine kiasi kile, na kumbe mmoja wao nilizaliwa naye tumbo moja.

Nilipomaliza kusema pale uwanjani, hakuna aliyenizomea. Ingekuwa rahisi kama wangenizomea. Nilishuka nikaenda kwa binti yake Shangazi nikamwomba msamaha. Alinitazama sana. Aliniambia kwamba na mtoto wa miaka kumi na moja yeye hana ugomvi. Lakini mwanamke wa miaka arobaini na tisa aliyemwachia kaka yake mzigo wake, msamaha wa huyo si wake yeye kuutoa. "Msamaha huo una mwenyewe," alisema. Akatazama saa, akavaa kofia, akaenda kwenye zamu yake.

Mama hakusema nami siku mbili. Alipika, akala, akaosha vyombo vyake peke yake. Siku ya tatu aliingia karakana, akasogeza waya na spika mezani, akaweka karatasi na kalamu mbele yangu, akasema, "Mwandikie. Na usitumie kalamu ya risasi, inafutika." Kisha akavuta kile kiti kinachochechemea, akakaa mlangoni, na ndipo alipo sasa hivi ninapoandika, anasema nimekawia.

Sikuombi unijibu kwa barua. Jumamosi ijayo, ukishapata hii, nitapanda basi la asubuhi kuja kwako. Nakuletea nakala ya sauti yote, pamoja na ile ya wazee, maana mwanafunzi mmoja aliinasa kwa simu yake. Nakuletea na masikio ya kusikia lolote utakalotaka kuniambia, hata kama ni matusi ya miaka thelathini na minane, na nimechukua nguo za siku tatu ili usiharakishe.

Msalimie sana wifi, na watoto, na majirani wanaokusaidia kubeba majokofu. Mungu akulindie mgongo na moyo.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kosa.

Nilikuwa nimeshakunja karatasi, Mama ameifungua tena. Anasema niongeze kwamba naye anakuja. Nimemwambia nyumba yako ni ghorofa ya nne, haina lifti. Amesema atazipanda ngazi moja moja, na kwamba kama huna nafasi ya kuniona mimi, utamfungulia yeye.